Mwanga Usiohama

Kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, Kanini alikuwa ameshaitukana mashine yake kwa lugha tatu, nayo haikuwa imemjibu kwa hata moja. Ilikaa tu juu ya meza, sanduku la bati lenye ukubwa wa redio ya zamani, ikimchorea kwenye kompyuta mstari uliopaa mahali ambapo ulipaswa kulala. Alikuwa ametia ndani yake kichupa alichojua hakina sumu yoyote. Mashine ikasema kuna mwanga. Akakitoa, akakipangusa, akakirudisha. Mashine ikasema mwanga umeongezeka.

"Mwanga wa wapi, wewe?" aliiuliza.

Njau, fundi wa vifaa wa maabara ile, aliinua kichwa kutoka kwenye soketi aliyokuwa akiirekebisha. "Kwani background bado iko juu?"

"Juu? Njau, iko mbinguni kwa Baba."

Kazi ya sanduku hilo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Mahindi yakishikwa na kuvu fulani hubeba aflatoksini, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na isiyoogopa moto wa jiko. Lakini ukiitoa kwenye unga kwa spiriti na maji, kisha uimulike kwa taa ya zambarau, hujisaliti yenyewe kwa kung'aa buluu. Ikiwa nyingi hung'aa sana, ikiwa kidogo hung'aa kidogo. Shida ni kwamba kiasi cha kumharibu mtu ini polepole ni kidogo kweli kweli, na mwanga wake ni hafifu, ilhali taa yenyewe inamwaga mwanga wake mle ndani bila haya. Kila chembe ya vumbi kwenye kichupa, kila mkwaruzo wa kioo, kila kipovu, huudaka mwanga wa taa na kuurusha huku na huku, na jicho la mashine halijui tofauti. Aliyewahi kuendesha gari Limuru asubuhi ya ukungu anajua mambo haya. Unawasha taa kubwa uone barabara, na unachoona ni ukungu ukikurudishia taa zako.

Na hakuwa na wakati wa kubembelezana na ukungu. Kwao Ngoliba, kikundi cha wakulima kilikuwa kimejaza ghala, na mnunuzi wa Thika anayepelekea shule za bweni chakula alikuwa ameahidi kuleta lori Ijumaa, mradi apewe karatasi ya vipimo. Kanini mwenyewe ndiye aliyesimama mkutanoni mbele ya mwenyekiti, Mzee Kyengo, akatangaza kwamba hakuna haja ya kupeleka mahindi kwingine. Angeyapima yeye, kwa mashine aliyoitengeneza kwa miaka miwili huko Ruiru. Walimpigia makofi. Makofi hayo sasa yalikuwa yakimpiga yeye. Mstari usipolala kufikia Alhamisi, karatasi haitakuwepo, lori litageuzia Ngoliba mgongo, na mashine itakuwa sanduku la bati kama masanduku mengine.

Ili kujua mwanga upi ni wa sumu na upi ni wa takataka, ile background ya Njau, mpimaji huhitaji mahindi ambayo ana hakika ni safi, blank kwa lugha ya maabara. Huyapima kwanza, kisha mwanga wake huutoa kwenye vipimo vya mahindi mengine yote. Unga maalumu wa kulinganishia ulikuwa umeagizwa ng'ambo tangu mwezi wa pili na haukuwa umefika. Kwa hiyo Kanini alikuwa amekwenda nyumbani kwa mama yake, Kalondu, kumwomba debe moja.

Kalondu hakuwa mtu wa kumpa mtoto wake mahindi ovyo. Pale kwao, kama kwa majirani wengi, mahindi ya kuuza huondoka na kasoro zake, lakini ya kupika muthokoi huchaguliwa punje kwa punje kwenye ungo, iliyopasuka kando, yenye doa kando, ya kijivu kando, kabla ya kutwangwa yatoke ganda. Aliketi asubuhi nzima akichagua. "Chukua," alisema. "Hata mbegu sijawahi kuichagua hivi."

Daktari Wangechi, mkuu wa maabara, aliliangalia debe lile juu ya miwani yake. "Umejuaje ni safi?"

"Daktari, ni ya mama."

Wangechi alitaka kusema neno, akaliacha. "Sawa. Lakini ule unga wetu ukifika, tulinganishe."

Jumatatu hiyo basi, Njau aliacha soketi yake, akazima taa za chumba, akachukua taa ya zambarau na kummulika Kanini. Koti lake jeupe liliwaka buluu kuanzia kola hadi magoti. Wote wawili walibaki wakiliangalia.

"Ngai! Unafua na nini?"

"Sabuni tu ya unga. Ile ya kung'arisha."

"Si imeng'arisha sasa." Njau alicheka mpaka akashika meza. "Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kanini hakucheka. Alilivua koti, akalitupa nje kwenye korido, akafanya kazi kwa sweta nyeusi kwenye joto la kuchemsha chai, maana madirisha walikuwa wameyaziba kwa utepe. Upande wa pili wa ua palikuwa pakijengwa ghorofa, na vumbi jekundu la Ruiru halibishi hodi. Mstari ulishuka kidogo. Bandu bandu huisha gogo, alijiambia, ingawa gogo lenyewe lilikuwa la mti wa mugumo na yeye alikuwa na kisu cha kumenya viazi.

Jumanne ikawa siku ya maji. Kwa kuwa mtambo wao wa kukenekea maji ulikuwa umeharibika, kila mtu pale maabara alikuwa akitumia maji ya betri, yale ya chupa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba yamesafishwa, na nani hubishana na chupa? Kanini alimimina kidogo kwenye glasi, akapitisha mwale mwembamba wa taa. Katika maji safi mwale haupaswi kuonekana ukipita. Kwenye yale ulionekana wima kama uzi, na ndani yake nukta zilikuwa zikicheza, zikipanda na kushuka, zikifurahia maisha.

Alikaa chini. Wiki mbili nzima alikuwa amepima vumbi la betri. Alijisikia kulia, akaona kulia ni kupoteza maji mengine, akampigia rafiki yake Carolyne aliyefanya kazi kwenye maabara ya chuo karibu na Kahawa Sukari. Carolyne akatuma chupa mbili za maji ya kweli kwa pikipiki. Mstari ulianguka nusu nzima, na Kanini akapiga kelele ya furaha iliyodumu kama dakika moja, kwa sababu kichupa kilichofuata kilipaa tena.

"Nani anapangusa hivi vitu na tishu?" Njau aliuliza akikishikilia kichupa kwenye mwanga wa taa. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimekishika kila upande.

"Mimi."

"Tishu ya choo?"

"Njau, niache."

"Sijasema kitu. Nimeuliza tu."

Jumatano walichuja kila kitu mara mbili. Walipaka ndani ya sanduku rangi nyeusi isiyong'aa ambayo Njau aliifuata Thika alfajiri. Walisuuza vichupa kwa spiriti na kuviacha vikauke vyenyewe, vimeinamishwa, bila mkono wa mtu. Kila walichogusa kilishusha mstari kidogo, mpaka saa saba mchana ukakataa. Ulikuwa umelala kote isipokuwa mahali pamoja, kwenye buluu, ambapo ulibaki na kichuguu kidogo. Kanini alisafisha, kichuguu kikabaki. Alichuja mara ya tatu, kikabaki. Alibadilisha kichupa, akakaza skrubu, akazima simu zote mbili za chumbani, kitu ambacho hakina uhusiano wowote na mwanga na alilijua hilo. Kichuguu kilibaki pale pale, hakina haraka.

Alipowasha simu ilikuwa ikilia tayari. Ni Mzee Kyengo.

"Kanini, mwana wa Kalondu. Tunangoja. Huyo mtu wa Thika anauliza karatasi, na mimi sina cha kumjibu. Nimwambie nini?"

"Leo jioni, mzee."

"Jioni ya leo ama jioni ya juzi uliyoniambia?"

Alipokata simu, Njau alikuwa amevuta kiti. Alikuwa amechoka pia, na mtu aliyechoka huwa na busara za njia fupi. "Kwani unasumbuka na nini? Hiyo kitu iko kwa zote. Iko kwa mahindi ya mama, iko kwa ya Ngoliba. Itoe kwa zote, umalize. Si hiyo ndiyo kazi ya blank?"

Na kweli hiyo ndiyo kazi yake. Hata vitabu vinasema hivyo. Mwanga usioweza kuufukuza, unaupima na kuutoa. Kanini alipima sampuli kumi na mbili za ghala la Ngoliba, akatoa kichuguu cha mahindi ya mama yake kwenye kila moja, na zote kumi na mbili zikatoka chini ya kiwango cha serikali. Hakuna hata moja iliyokaribia. Alimtumia Kyengo ujumbe, na Kyengo akamrudishia sauti za wanawake wakipiga vigelegele kwenye ua wa ghala.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alipanda ngazi za nyumba yake Kahawa Wendani akiwa na hasira isiyo na mwenyewe. Kila uchafu aliouwinda siku zile ulikuwa umekimbia alipoufikia. Koti lilikimbia, maji yalikimbia, nyuzi za tishu zilikimbia. Hiki peke yake kilikuwa kimekaa kikimtazama. Uchafu gani huo wenye kiburi?

Alhamisi asubuhi Njau aliingia na taa ndogo aliyoing'oa kwenye mashine ya kukaushia rangi ya kucha, mali ya salon ya dada yake Shiko. Ilikuwa ya zambarau kama ile ya kwanza, ila rangi yake ilikuwa imesogea kidogo kuelekea buluu. Kanini ndiye aliyemtuma. Alikuwa amekumbuka jambo ambalo angelikumbuka Jumatatu kama asingekuwa na shughuli ya kutukana.

Mwanga uliotawanyika hauna rangi yake mwenyewe. Unaikopa kwenye taa. Badilisha rangi ya taa, nao utahama uifuate, na hata mwanga kidogo ambao maji matupu huutawanya kwa namna yake, huo nao huhama. Lakini kitu kinachong'aa chenyewe kina kwake. Umulike kwa taa hii au ile, kitang'aa mahali pale pale. Kichuguu kikihama, ni vumbi, na Kanini atakunywa chai yake kwa amani.

Walifunga taa ya Shiko kwenye sanduku. Kanini alitia kichupa cha mahindi ya mama yake, akafunika, akabonyeza.

Mawimbi madogo yote yaliyokuwa bado kwenye mstari yalisogea kulia, kama watu wanaompisha mtu kwenye benchi la kanisa. Kichuguu kilipungua kimo kidogo. Hakikusogea.

"Labda ni spiriti," alisema Njau.

Wakapima spiriti na maji peke yake. Mstari ulilala.

"Basi ni karatasi ya kuchujia."

Wakachuja spiriti kwa karatasi, wakapima. Ulilala. Walibadilisha vichupa vinne, na mara nne ulilala, umenyooka, mzuri, mstari ambao Kanini alikuwa ameuomba siku nne kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Sasa alikuwa ameupata na hakuutaka. Kila walichokiondoa mezani kiliondoka bila hatia, na mwishowe pale mezani palibaki debe tu.

"Mahindi pia hung'aa kidogo yenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayejadiliana bei. "Hata yakiwa safi."

"Jaribu iodini." Daktari Wangechi alikuwa amesimama mlangoni, hawakujua tangu lini.

Hilo nalo alilijua. Aflatoksini ikionjeshwa iodini kwenye maji ya moto hung'aa maradufu, ilhali unga wa kawaida haujali. Alitia tone, akakiweka kichupa kwenye maji ya moto, akangoja, akakipoza, akakipangusa kwa kitambaa ambacho hakitoi nyuzi. Mkono wake ulikuwa umetulia, jambo lililomkasirisha pia. Alibonyeza.

Kichuguu kilikuwa mlima.

Njau aliondoka taratibu akaenda kusimama dirishani, ingawa dirisha lilikuwa limezibwa na hakukuwa na cha kuona. Kanini alivuta kalamu, akaanza kuhesabu upya sampuli za ghala, safari hii akitoa mwanga wa spiriti na maji peke yake. Tisa kati ya kumi na mbili zilikuwa juu ya kiwango. Jana alikuwa ametoa sumu kwenye sumu, na kilichobaki akakiita usafi. Mashine aliyoitukana tangu Jumatatu ilikuwa ikimwambia ukweli tangu Jumatatu.

"Nilikuuliza umejuaje," alisema Wangechi, bila ukali, na ndiyo maana ilichoma. "Na mimi nikaacha. Mpigie mwenyekiti sasa hivi. Barua ya kufuta matokeo tutaitia sahihi sisi wawili."

Kyengo alipokea akicheka. Kanini alimweleza yote bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika atashindwa. Kicheko kilikufa polepole.

"Jana ulisema ni safi."

"Nilikosea, mzee."

"Ulikosea jana, ama unakosea leo?"

"Jana."

"Na kesho utasema nini?" Kanini alimsikia mzee akihema, na nyuma yake sauti za watu wakikokota magunia kuyasogeza mlangoni tayari kwa lori. "Basi, haya. Watoto wa shule ni wa watu. Nitafunga ghala na nitamrudisha huyo mtu. Lakini wewe usije mkutanoni hivi karibuni. Nakuambia kwa upendo. Usije."

Sasa ilibaki simu moja. Aliizunguka ile meza mara mbili, akapanga vichupa ambavyo vilikuwa vimepangika, akajichukia kwa kuvipanga, akapiga.

"Mwana wakwa!" Mama yake alikuwa na furaha ya tangu jana. "Nimesikia. Kila mtu hapa ni Kanini, Kanini. Hata wale walikuwa wanasema umesomea kupiga picha mahindi."

"Mama, leo mmepika nini?"

"Si muthokoi. Iko jikoni. Na Emmah amesagia mtoto unga wa uji, ameanza kula vizuri sasa, hata shavu limetokea." Emmah alikuwa dada mdogo wa Kanini, na mtoto wake hakuwa amefikisha mwaka. "Kwa nini? Unakuja?"

"Toa sufuria kwenye moto, Mama. Na Emmah asimpe mtoto huo uji."

Alimwambia. Alitumia Kikamba cha nyumbani, ambacho hakina neno la aflatoksini, kwa hiyo ilimbidi aseme sumu, na neno hilo lilitoka likiwa uchi.

"Yangu?" alisema Kalondu. "Yale niliyochagua kwa mkono?"

"Yale."

"Hayakuwa na doa hata moja. Uliyaona kwa macho yako."

"Haionekani kwa macho."

"Wewe unasema mahindi yangu ni sumu." Sauti ilipanda. "Nyinyi watano mmelelewa na hilo shamba. Hiyo shule ulisoma, ulisoma umekula nini? Mawe?"

"Mama, najua."

"Hujui! Mimi nilianika, nikapepeta, nikachagua mpaka mgongo ukakataa, nikakupa yaliyo mazuri kabisa. Kama ningekuletea takataka ungefurahi?"

Kanini alibana simu kwenye sikio. Alisema tu kwamba yasipewe kuku, wala ng'ombe, maana sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, na kwamba Jumamosi angekwenda na unga mwingine uliopimwa. Upande wa pili alisikia kifuniko kikitua sufuriani, kisha sufuria ikiburutwa, kisha mlango. Mama yake alikuwa ametoka nje. Kanini aliangalia kama simu imekatika.

"Kanini." Hasira ilikuwa imekwisha yote. "Hiyo mashine yako inaweza kupima mtu?"

Kanini aliligeukia sanduku la bati. Mstari ulikuwa bado kwenye kompyuta, na mlima wake.

"Siyo leo, Mama. Na kumpima mtu, lazima kwanza nimpate mtu ambaye hajawahi kula mahindi, ndiyo nilinganishe naye."

Kalondu alilifikiria jambo hilo, nyumba kwa nyumba, kama anavyofikiria kila kitu.

"Na huyo," alisema, "utamtoa wapi?"